Sinema Niliyoicheka Milola

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata sasa nikiikumbuka huwa nainama kidogo, kama mtu anayepita mlango mfupi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu mpya wa shule ya msingi pale Milola, na nilisimama mbele ya kijiji kizima nikaicheka sinema ambayo sikuwa nimeiona. Utasema, sinema ni kitu gani hata mtu aionee haya miaka yote hiyo? Tulia. Yapo mambo ambayo ukisimuliwa harakaharaka hayakai.

Mimi ni Somoe binti Hamisi. Siku hizi naishi Rasbura, hapa Lindi mjini, nimestaafu ualimu, nina wajukuu na kisukari kidogo. Lakini mimi ni mtoto wa Milola, wa wakulima wa korosho na muhogo, na nilipomaliza chuo cha ualimu nikapangiwa kufundisha hukohuko kwetu. Nilirudi na viatu vya kisigino, miwani ya jua, na ulimi. Hasa ulimi. Wanasema ulimi hauna mfupa. Wangu wakati ule haukuwa hata na breki.

Enzi hizo gari la sinema lilikuwa bado linapita vijijini, ingawa kwa kuchechemea. Lilikuwa la serikali, rangi imebabuka, na aliyekuja nalo alikuwa bwana mmoja mpole tuliyemwita Bwana Kondo. Yeye ndiye dereva, yeye ndiye fundi wa mashine, yeye ndiye mtangazaji. Kwingine alisubiri giza akaonyesha uwanjani. Milola alionyesha mchana, ndani ya ghala la korosho, miezi ile ghala likiwa tupu. Tuliziba madirisha kwa majamvi na magunia, tukatundika kitambaa cheupe ukutani, jenereta likanguruma nje. Joto la mle ndani usiombe! Lakini hakuna aliyebaki nyumbani.

Siku ninayokwambia, Bwana Kondo alifika na mikanda miwili. Mmoja ulikuwa mpya, wa rangi, wa kutoka nje: watu wanarushiana mateke, magari yanaruka mitaro. Wa pili ulikuwa wa kwetu, wa Kiswahili, umepigwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, hauna rangi, unaitwa Machela. Akatuambia petroli ya jenereta inatosha sinema moja tu, kijiji kichague. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba huo mkanda wa Machela ameagizwa aurudishe mjini ukachomwe. Umechakaa, na wakubwa wanasema vijana hawautaki tena. Tusipouchagua siku hiyo, Milola haitauona tena.

Mkutano ukakaa mbele ya ghala, wazee kwenye mabenchi, akina mama kwenye mikeka, vijana wamesimama. Mimi nikajitokeza bila kuitwa.

Nikiri kwako jambo moja kabla sijaendelea. Machela sikuwa nimeiona. Babu yangu mzaa baba, aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu, alipiga marufuku watu wa nyumba yake kuingia ghalani kila sinema hiyo ilipoletwa, na hakusema kwa nini. Nilipofika chuoni nikakuta wenzangu wanaitania: sinema ya watu kutembea. Wakicheka, nami nacheka. Ndiyo elimu yote niliyokuwa nayo juu ya kitu hicho, na kwa elimu hiyo nikapanda jukwaani.

"Ndugu wanakijiji," nikasema, "dunia inakwenda mbele. Hii Machela ni watu wanatembea. Wanatembea, wanatembea, wanafika, basi! Sauti inakwaruza kama kuku anayechakura bati. Nasikia yuko hata mbuzi anapita mbele ya waigizaji na hakuna wa kumfukuza. Jamani, Milola tuonyeshwe mbuzi? Mbuzi si tunao!"

Watu wakacheka, mwanangu. Na kicheko cha umati ni pombe. Nikaendelea kuinywa. Nikawageukia vijana, nikanyoosha mkono juu: "Vijana, mnataka kubaki nyuma? Bega lenu lipo?"

"Lipo!" wakajibu kwa mshindo.

Hilo neno la bega nikufafanulie, kama wewe si wa huku kwetu. Tangu nilipopata akili nililisikia. Mtu akitaka kuezeka nyumba, akifiwa, gari likikwama, huwauliza wenzake, "Bega lenu lipo?" Walio tayari kusaidia hujibu, "Lipo!" Ukishajibu hivyo huwezi kurudi nyuma. Ni kama kiapo.

Kelele zilipotulia, akainuka Bi Mwanaisha. Alikuwa mkunga wetu, mtu mzima sana wakati ule, mwembamba, na nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake kabla ya kuuona ulimwengu. Alikuja taratibu mpaka nilipo. Akanitazama kutoka viatu hadi miwani. Kisha mbele ya watu wote akasema:

"Shikamoo, mwalimu."

Mwanangu, hujapata kuona fimbo kama hiyo. Ajuza anayenizidi miaka hamsini ananiamkia mimi! Marahaba yenyewe ningeitoa wapi?

"Nimekuamkia," akasema, "kwa kuwa naona unatushinda umri. Hebu niambie, hiyo Machela umeiona?"

"Sijaiona, bibi. Nimesikia habari zake."

"Umesikia. Haya. Na hilo neno la bega ulilotuita nalo sasa hivi, umelipata wapi?"

"Ni neno la hapahapa kwetu, bibi. La wahenga wetu."

Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Wahenga! Wahenga wenyewe si ndio sisi, na hatujafa! Neno hilo halikuwepo Milola. Milola wala kijiji chochote cha ukanda huu. Limeletwa na gari la sinema. Limo ndani ya hiyohiyo sinema yako ya mbuzi."

Vijana waliokuwa wananishangilia wakaanza kutazama chini. Bi Mwanaisha akageuka, akamtafuta mama yangu pale mkekani kwa macho. Mama akavuta kanga yake kichwani, kisha akaitikia kwa kichwa. Ndipo bibi yule akanirudia na kusema kwa upole, si kwa hasira:

"Na wewe mwenyewe, Somoe, umetoka humo."

Sasa nisikilize nikupe aliyoyasimulia, kama nilivyoyapokea.

Mama yangu alipokuwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, mvua kubwa zilikuwa zimekata barabara. Uchungu ulimshika siku ya kwanza, ukaingia siku ya pili. Mtoto alilala upande. Bi Mwanaisha, aliyekuwa na nguvu zake wakati ule, akafanya yote anayoyajua, kisha akatoka nje akawaambia wanaume: "Mikono yangu imefika mwisho. Mpelekeni Lindi, hospitali." Gari hakuna. Baiskeli haipiti. Babu yangu, mkubwa wa ukoo, akakataa. Akasema mwanamke mwenye uchungu hatolewi njiani. Akifia porini, ni aibu ya ukoo mzima. Na abaki ndani, Mungu ataamua.

Baba yangu, Hamisi, hakuwahi kuinua sauti mbele ya mzee wake. Hata siku hiyo hakuinua. Alitoka tu. Aliporudi alikuwa na mianzi miwili mirefu na magunia mawili ya korosho, ameyatoboa pembe za chini ili mianzi ipite. Wenzake watatu walikuwa nyuma yake.

Babu akamuuliza, "Unafanya nini?"

"Machela, baba. Kama ile ya kwenye sinema."

Maana sinema ile ilikuwa imeonyeshwa ghalani miezi mitatu tu iliyopita. Ni kisa cha kijiji kimoja kinachombeba mwanamke mwenye uchungu katika machela, kumvusha mabonde na matope, kila kijiji kinampokea na kumpitisha, mpaka afike kwa daktari.

"Ile ni michezo ya picha," babu akasema.

"Ndiyo, baba," akajibu baba yangu. "Lakini yule mwanamke alifika."

Wakamlaza mama, wakaondoka kukipambazuka, Bi Mwanaisha akiwa pembeni na kanga zake. Wakabeba vilevile walivyoona. Hatua mia, mmoja anaita "Bega!" na wote wanne wanabadili bega bila kuitua machela. Hatua mia, "Bega!" Walipokaribia kijiji cha pili walikuwa wamekwisha. Matope mpaka magotini, mmoja anatapika. Pale hawakuwa na ndugu wala jamaa. Baba yangu akasimama mwanzo wa kijiji, na kwa kuwa hakuwa na neno lingine kichwani, akapaza lile la kwenye sinema:

"Bega lenu lipo?"

Mwanangu, gari la sinema lilikuwa limepita huko pia. Watu wale walikuwa wameketi mbele ya kitambaa kilekile, wakamlilia mwanamke yuleyule. Milango ikafunguka. "Lipo!" Wanaume wanne wakaja mbio wakaingia chini ya mianzi hata salamu hazijatolewa. Hakuna aliyeuliza mke wa nani, kabila gani, nani atalipa. Kijiji cha tatu hivyohivyo. Cha nne kilikuwa cha watu waliohamia kutoka uwanda wa Makonde, Wakristo. Ilikuwa Jumapili na walikuwa ndiyo kwanza wanatoka kanisani. Wakaingia matopeni na mashati yao meupe. Cha tano habari zilitangulia, na kabla hata machela haijaonekana, akina mama walikuwa wameshapika uji wa wabebaji, kwa sababu kwenye sinema akina mama ndivyo walivyofanya.

Muadhini akiadhini alasiri, mama alikuwa mlangoni mwa hospitali ya Lindi. Akapasuliwa. Nikatolewa. Nikalia.

"Nani kati yenu," Bi Mwanaisha akawauliza watu, "angeweza kuvieleza vijiji vitano kwa siku moja la kufanya? Mkuu wa wilaya asingeweza. Sinema ilikuwa imekwisha kuvieleza." Na tangu siku hiyo, akasema, kila mgonjwa wa njia ile alibebwa kwa kupokezana hivyo, wake kwa waume, mpaka barabara ilipotengenezwa. Hesabu yao hakuwa nayo. Walio hai walikuwa wamekaa pale mbele yetu, wengine wameota mvi.

Sasa nikaelewa marufuku ya babu. Aliona haya kwa kuwa alikataa, na haya hiyo ikamfanya asitake hata kuisikia Machela. Baba naye, kwa kumsitiri mzazi wake, hakunisimulia kamwe, akafa nikiwa darasa la saba. Mama akaheshimu ukimya wa mumewe. Ndiyo maana nikakua nikiwa sijui kwamba ninaitukana machela iliyonivusha. Na wahenga (wale wa kweli, si wa kwangu) walishaonya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi nilimtukana mkunga wangu mwenyewe, na nilishazaliwa.

Nilivua miwani. Nikavua na viatu, sijui kwa nini, nikaenda peku mpaka kwa Bi Mwanaisha, nikapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Inuka. Bwana Kondo, uliza watu wako wanataka nini."

Bwana Kondo akauliza. Nikikwambia mikono iliyonyooshwa kwa Machela ilikuwa kama shamba la mtama, niamini. Na ya kwanza kunyooka ilikuwa ya wale vijana wangu.

Basi tukaingia. Mimi nikakaa mbele kabisa, chini, na mama yangu. Sauti ilikwaruza, ni kweli, sikuwa nimesema uongo. Picha ilikuwa na mikwaruzo kama mvua. Lakini hazikupita dakika kumi nikawa sioni tena ubovu wowote. Aliyeipiga sinema ile alikuwa fundi, mwanangu! Alishusha kamera mpaka chini, kwenye nyayo. Huoni uso wa mgonjwa. Unaona nyayo nane zinazama topeni, zinachomoka, zinazama. Hakuna muziki. Unasikia pumzi na hesabu: tisini na saba, tisini na nane. Unajikuta unahesabu. Unajikuta bega lako linauma. Na mbuzi akapita kweli, katikati ya safari, akasimama, akawatazama, akaenda zake, kama mbuzi wa njia yoyote ya kwetu. Hakuna aliyecheka, na mimi ndipo nilipojua kwamba hiyo si hadithi ya nchi ya mbali. Ni hapa.

Msafara ulipofika kijiji cha kwanza na yule mwigizaji akapaza lile swali, ghala zima likajibu. Wazee, akina mama, watoto wangu wa darasa la tatu. Magunia ya madirishani yalitikisika. Mama yangu alinishika mkono kwa nguvu. Nilidhani analia. Nikamgeukia, nikamkuta anacheka, mdomo wazi, meno yote nje, kama msichana.

Wiki ileile niliandika barua kwenda kwa wakubwa wa sinema mjini, na kijiji kikaweka dole gumba, kila mtu lake. Bwana Kondo akaibeba. Kama ni barua ile iliyouokoa mkanda au ni bahati yake tu, siwezi kukuapia. Ninachojua ni kwamba haukuchomwa. Miaka mingi baadaye mtu mmoja nisiyemfahamu, Mungu amzidishie, aliusafisha akauweka mtandaoni, na leo unaweza kuuona kwenye simu.

Na hapo ndipo tunafika kwa mume wangu Twaha. Namwita mume kwa utani, ni mjukuu, mtoto wa binti yangu. Twaha na wenzake wa Rasbura wanapiga filamu fupifupi kwa simu. Si mchezo, wanajua kazi. Mwaka huu walitengeneza moja ya madereva wa bodaboda, wakakodi ukumbi Jumapili mchana wakatualika watu wa mtaa, na mimi nikawekwa mstari wa mbele kama bibi wa mwongozaji.

Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto anaumwa kijijini, huko upande wa Pande. Dereva wa boda anamchukua na mama yake kuwakimbiza hospitali. Mafuta yanamwishia. Anasukuma pikipiki mpaka kijiwe kinachofuata, anawapigia kelele madereva wenzake, "Oyaa, bega lipo?" nao wanaitikia, "Lipo!" mmoja anampokea mgonjwa, na kuendelea, kijiwe kwa kijiwe, mpaka mtoto anafika. Na ile safari yote kamera iko chini kwenye matairi, matope yanaruka, uso wa mtoto hatuuoni mpaka mlango wa hospitali. Watu walishangilia. Mimi nilikuwa nimeshikilia kiti.

Ikaja saa ya maswali. Binti mmoja akamuuliza Twaha kama kuna filamu za zamani za Kitanzania alizojifunza kwazo. Mjukuu wangu akapangusa jasho, akacheka.

"Dada, zile za kizamani hamna kitu. Slo sana, hazina mzuka. Watu wanatembea tu! Sisi tumeanza moja."

Ukumbi ukacheka. Nilikisikia kicheko kile, nikakijua. Nilitamani kuinuka nimwamkie shikamoo, kama nilivyoamkiwa mimi, nikajizuia. Kijana alikuwa na marafiki zake pale, na fimbo hiyo ni kali. Bi Mwanaisha alijua kuichapa na kuponya, mimi sina mkono wake. Nikainuka tu, nikaomba kipaza sauti.

"Mume wangu, hongera. Filamu nzuri. Naomba kuuliza kwa ujinga wangu, hilo neno la bega umelipata wapi?"

"La mtaani tu, bibi. Madereva wote wa boda wanalisema."

"Na kuiweka kamera chini, ukatunyima uso wa mgonjwa?"

"Hiyo niliiona kwa jamaa mmoja wa Dar, nikaipenda."

"Na huyo jamaa aliipata wapi?"

Akapandisha mabega.

"Basi kaa hapa karibu nami," nikamwambia. "Na uwaambie wenzako waitafute Machela kwenye hiyo mashine yenu."

Wakaitafuta, wakaiweka. Mwanzoni vicheko vilikuwepo, kwa sababu ya mikwaruzo na kwa sababu ya suruali pana za waigizaji. Sikuwakemea. Nilitazama simu zao. Nilizihesabu zikizimwa moja moja, taa ndogo kwenye viti, mpaka ukumbi ukabaki na mwanga wa kitambaa peke yake. Zilipotokea zile nyayo, Twaha akasimama. Akaenda mpaka kwenye mashine, akairudisha nyuma. Akaangalia. Akairudisha tena. Mara tatu! Akaniuliza bila kunitazama, "Bibi, hawa walikuwa na kamera nzito kiasi gani?"

"Mimi nijue wapi? Lakini nasikia ilibebwa na watu wawili."

"Watu wawili," akarudia. "Topeni."

Na liliposikika lile swali kutoka kwa mwigizaji aliyekwisha kufa zamani, vijana wa Rasbura, wenye nywele za kunyoa mitindo na viatu vyeupe, wakapigwa na butwaa kwanza. Wakatazamana. Kisha wakaitikia, si kwa kejeli. Waliitikia kwa sauti yao yote, kwa kuwa lilikuwa lao. Walikuwa wamelitumia miaka yote bila kujua limetoka bega la nani. Nami na uzee wangu nilipiga kigelegele mpaka mtoto wa jirani akaziba masikio.

Picha ilipokwisha, Twaha alipanda mbele. Sikumtuma. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nimesema tumeanza moja," akawaambia. "Nimekosea. Tumeanza tulipoachiwa."

Wakampigia makofi kuliko yale ya filamu yake, na nakwambia ukweli, alistahili. Mimi ilinichukua kijiji kizima na mkunga mmoja kunipigisha magoti. Yeye alijipeleka mwenyewe. Mwezi huu amekwenda Milola na simu yake kuwarekodi wazee waliobeba, kabla hawajaisha.

Sasa mwanangu, nisikie vizuri, maana nimekuzungusha mbali.

Sikwambii kila cha kale ni dhahabu. Yapo ya kale yaliyokuwa kutu matupu, na babu yangu, Mungu amrehemu, alishikilia moja la kale ambalo lingeniua kabla sijazaliwa. Kilichomshinda kilikuwa kitu kipya, kitambaa cheupe ukutani. Kwa hiyo simlaumu kijana anayependa kipya. Ninachokwambia ni kwamba kazi kubwa ikikaa sana hufichika. Watu wanaishi ndani yake mpaka wanasahau kwamba kuna aliyeijenga. Maneno yake yanakuwa misemo ya mtaani, ufundi wake unakuwa kawaida ya kila mtu, na matendo iliyoyafundisha yanakuwa desturi. Halafu anakuja mtu mwenye miwani ya jua anasema haina kitu. Haina kitu kwa sababu imekwisha kugawa vyote!

Basi kabla hujaicheka kazi ya waliotangulia, iwe sinema, iwe utenzi, iwe namna ya kusuka mkeka, itazame kwanza kwa macho yako mwenyewe, si kwa vicheko vya wenzako. Kisha jiulize ni kiasi gani chake unatembea nacho bila kujua. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mikwaruzo isikudanganye: hiyo ni alama ya kupita katika mikono mingi. Na ukigundua kwamba umekosea, sema kwa sauti ileile uliyokosea nayo, mbele ya watu walewale. Haiui. Mimi niko hapa. Na ukipewa nafasi ya kutengeneza kitu chako, kitengeneze kwa moyo wote, ili siku moja nawe watoto wa watoto wako wakitumie bila kujua jina lako. Hakuna ushindi mkubwa kuliko huo kwa fundi yeyote.

Mungu akupe jicho linaloona mbali na ulimi unaongoja jicho. Akujaalie kazi itakayokuzidi umri, na marafiki wa kukurudi kwa upole utakapopotoka. Akulinde wewe na kizazi chako, akufungulie milango ya heri, na pale utakapofika, uwakute watu wanaolijua jina la wazazi wako kwa wema. Amina.